UZI: Unga ulipoondolewa madukani, wateja walikwenda wapi?

Mwana wa Likoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum na habari za jioni, ndugu zangu wa pwani na wa bara.

Nina duka la rejareja hapa Likoni tangu 2011. Wiki iliyopita alikuja kijana wa chuo na karatasi yake ya maswali: chakula kikitangazwa kina kasoro na kuondolewa madukani, wateja hufanya nini? Nilimjibu juu juu huku napima sukari, akashukuru, akaenda zake. Usiku nikajilaumu. Nilikuwa na jambo la kumwambia na sikumwambia, basi naliandika hapa.

Jumamosi ya tarehe 9 Novemba 2019 shirika letu la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa mpigo. Aflatoksini, ile ambayo wenzetu wa Tanzania wanaiita sumukuvu, ilikuwa imezidi kiwango. Kiwango chenyewe ni maikrogramu 10 katika kilo moja ya unga. Na hazikuwa chapa za uchochoroni. Baadhi yake ni majina ambayo mtoto akitumwa dukani huyataja hata kabla ya kusema neno unga.

Habari ilinifikia saa mbili usiku, nimeshafunga ubao mmoja wa dirisha. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nimeingiza marobota manne ya chapa mojawapo, yaani pakiti arubaini na nane za kilo mbili mbili. Nikahesabu zilizobaki kwenye rafu: kumi na tisa. Ishirini na tisa zilikuwa zimeshaingia majikoni mwa watu, na ile ni saa ya sima.

Jumapili asubuhi watu walianza kuja na pakiti mkononi. Mama mmoja alikuja na yake imefunguliwa, mdomo wa pakiti ameufunga kwa mpira wa nywele za mtoto. Aliigeuza kitako juu, akawasha tochi ya simu, akawa anaitafuta tarehe kwa ncha ya kidole, maana wino wa pale chini hufutika kwa kusuguana tu. Hakuuliza habari ya pesa zake. Aliniambia, "Juzi nimewapikia watoto uji wa unga huu. Sasa nifanyeje?" Sikuwa na jibu. Katika yote niliyoyasikia kwenye redio, kampuni ziliambiwa zikusanye mali yao na wenye maduka tukaambiwa tuache kuuza. Neno la mama aliyekwisha kupika sikulisikia.

Jumatatu nikaona jambo jingine. Nilikuwa na chapa mbili ambazo hazikutajwa kabisa. Mteja anazitazama kama anavyotazama samaki wa jana. Namwambia, "Hii haimo katika orodha." Ananijibu, "Haimo leo." Mchele na unga wa chapati vikawa vinatoka haraka kuliko nilivyoweza kuagiza. Kufika Jumatano, foleni ya mashine ya kusaga iliyo nyuma ya msikiti ilikuwa imetokeza barabarani. Watu wamebeba mahindi kwenye ndoo na mifuko, wamenunua sokoni kwa kupimiwa. Mahindi yale yalianikwa wapi, yalilala ghala gani, yalinyeshewa au la, sikumsikia hata mmoja akiuliza.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu hawakuikimbia sumu. Walikikimbia kile kilichoandikwa jina. Mke wangu ni wa Makueni. Mwaka 2004 huko kwao, na Kitui, na wilaya jirani, aflatoksini iliwapata watu 317 na ikaua 125. Wale hawakuuawa na unga wa pakiti. Walikula mahindi ya mashambani mwao na ya masoko ya karibu, yaliyowekwa ghalani hayajakauka sawasawa. Na ndiyo mahindi ya aina ile ile, yasiyo na jina wala mpimaji, ambayo majirani zangu walikuwa wameyapangia foleni wakiamini wameokoka.

Sasa lile nililosahau kumwambia kijana. Usiku ule wa Jumamosi nilitoa daftari la madeni. Wenye maduka mnalijua: jina, siku, kitu, kiasi. Nikapitia mstari kwa mstari. Kati ya zile pakiti ishirini na tisa, ishirini na tatu zilikuwa zimekopwa, kwa hiyo wenyewe wameandikwa. Jumapili baada ya adhuhuri nikamwachia mwanangu duka, nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na tano. Nagonga, nasema, "Ule unga ulioandikisha Alhamisi umebaki? Usiupike, nipe." Kisha nalifuta deni la unga palepale mlangoni, mwenyewe anaona kalamu ikipita.

Katika nyumba zile kumi na tano sikupoteza mteja hata mmoja. Na unga wa pakiti uliporuhusiwa kurudi, wao ndio walioanza kuununua, na wakiuliza walikuwa wananiuliza mimi, hawasomi pakiti.

Nataka kusikia wenzangu. Kwenu ilikuwaje, kwa unga au kwa chakula kingine? Imani ilirudi, na kama ilirudi, nani aliirudisha?

---

Wa Kayole

Ndugu, mwaka ule ule tulikuwa tumeshaonja ladha hiyo huku Nairobi. Julai 2019 televisheni ya NTV ilirusha uchunguzi kuhusu nyama ya supamaketi inayotiwa sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu. Mimi nilikuwa mkataji wa nyama kwenye supamaketi moja. Wiki iliyofuata tulikuwa tunapanga trei asubuhi na kuzirudisha kwenye friza jioni zikiwa kamili. Wenzangu wawili waliambiwa wakapumzike nyumbani, hawakuitwa tena.

Watu walirudi bucha za mtaani. Nyama imening'inia dirishani toka alfajiri, vumbi la matatu linapita, lakini mtu anamjua muuzaji na anaona kisu kikikata. Na lilizuka jambo ambalo mpaka leo nalisikia: mteja akiingia anatafuta nzi kwanza. Akiwaona anaridhika, anasema nyama hii haina dawa. Fikiria nzi amekuwa ndiye mkaguzi! Ukiniuliza, hii ndiyo hasara kubwa kuliko mauzo yaliyopotea. Watu walijifunza alama mbaya ya usalama, na alama hiyo haijaondoka vichwani.

---

Vita vya Soko

Mwana wa Likoni, nakuheshimu kwa ulilofanya, lakini mimi siamini matangazo haya. Leo tano, Januari 2020 wakaja na nyingine 17. Halafu moja moja zikarudi rafuni. Kama ilikuwa sumu, imekwenda wapi ndani ya majuma machache? Kiwanda ni kile kile, mahindi yanatoka kwa wakulima wale wale. Mimi naona ni wakubwa wanapigana, mmoja amemzidi mwenzake kwa kujua mlango wa kubisha. Ndiyo maana mimi na familia yangu tunasaga wenyewe, na orodha zao hatuzisomi.

---

Kipimo

Habari zenu. Nimefanya kazi maabara ya nafaka kwa miaka kadhaa, nchi siitaji. Naomba nimjibu ndugu Vita vya Soko kwa upole, kwa sababu swali lake ni la haki.

Kuvu hauoti sawasawa katika gunia zima. Huota mahali mahali. Punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote, na punje iliyolala ubavuni mwake ikawa safi. Ukichomeka bambo, kile kichuma cha kutolea sampuli guniani, upande wa kushoto ukazikosa zile punje, gunia limefaulu. Ukichomeka kulia ukazipata, limeanguka. Ndiyo maana sampuli inatakiwa ichukuliwe sehemu nyingi za shehena, ichanganywe, isagwe yote, ndipo kipande chake kipimwe. Kwa hiyo maabara mbili zinaweza kupima mali ya kiwanda kimoja, zikatoa majibu mawili tofauti, na hakuna aliyedanganya. Na kiwanda kinaweza kuanguka Jumatatu kwa mahindi ya shehena moja, kikafaulu mwezi ujao kwa shehena nyingine.

Mnunuzi hajawahi kuelezwa hivyo. Anachoona ni shirika la viwango linasema ni mbaya, kampuni inajitokeza na cheti chake inasema ni nzuri. Kwake lazima mmoja ni mwongo, na kwa kuwa hamjui ni yupi, anaacha kuwaamini wote wawili.

Sasa kuhusu kusaga wenyewe. Sumukuvu haitoki kwa kupika. Sima au ugali, uji, hata ukichemsha saa nzima, ipo. Kinachopunguza ni kuchambua punje mbovu kwa mkono na kukoboa, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Ukipeleka mahindi mashineni ukasaga dona bila kuchambua, umesaga na ganda na kiini na vyote vilivyomo. Kiwanda kinachokoboa kinaondoa sehemu ya sumu hata pasipo kukusudia. Na zile pumba zilizotolewa nazo hazipotei, huliwa na kuku na ng'ombe, na ng'ombe akila, maziwa yanapata sehemu yake.

Sisemi chapa zote ni salama. Nasema, ndugu yangu, kutosoma orodha hakujakuondoa hatarini. Mahindi yako hayamo katika orodha kwa sababu hayajapimwa.

---

Jozi mpaka Kariakoo

Wakuu, heshima kwenu. Niko Afrika Kusini mwaka wa kumi na moja huu. Niwape ya poloni, ile soseji nene ya nyama ya kusindika.

Jumapili ya tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba listeriosisi, ugonjwa wa bakteria wa kwenye chakula, iliyokuwa inaua watu tangu mwaka uliotangulia imetoka kwenye kiwanda cha Enterprise kilichoko Polokwane, mali ya Tiger Brands. Hesabu ilipofungwa walikuwa wagonjwa 1,060 na waliokufa 216, na sehemu kubwa ya wagonjwa ni watoto wachanga waliopata tangu tumboni mwa mama zao. Kilichowafungulia wachunguzi njia ni watoto tisa wa chekechea moja ya Soweto, walipelekwa hospitali Januari ile, kwenye friji ya chekechea ikakutwa poloni.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kota. Kwa wasiojua, kota ni robo ya mkate uliochimbwa katikati, ukatiwa chipsi, achari, jibini, na poloni. Bila poloni watu wa hapa hawaiiti kota. Jumatatu watu walikuwa wanarudisha poloni supamaketi kwa mifuko, zinamwagwa kwenye matoroli kama takataka. Mimi nilitupa yangu yote, nikaandika kwenye kadibodi kwamba hapa hakuna poloni. Nikakaa siku mbili nauza soda.

Siku ya tatu bibi mmoja mteja wangu wa siku zote, bibi huku tunamwita gogo, alipita. Nikamwambia, "Gogo, sina poloni, nakuwekea yai." Akanyoosha kidole kwenye meza yangu akasema, "Na kisu?" Alikuwa na haki. Kisu kilichokata poloni miezi yote ndicho nilichokuwa nakatia jibini, juu ya ubao ule ule. Nilikwenda nikanunua kisu kipya na ubao mpya, nikaviweka mbele ya dirisha bado vina karatasi ya dukani, nikavifungua wateja wakiona. Biashara ikaanza kurudi kwa wale walioshuhudia nafungua. Wengine walichukua miezi.

Na ugonjwa wenyewe ulisaidia kuchelewesha imani, kwa sababu bakteria huyu anakua hata ndani ya friji, na mtu anaweza kuugua hadi siku 70 baada ya kula. Kwa hiyo tangazo limetoka Machi, mjamzito anahesabu alichokula Januari. Huwezi kumwambia mtu kama huyo "tumeshaondoa, njoo ununue" akakuelewa.

Hasara haikuishia kwa waliotajwa. Wafugaji wa nguruwe ambao hawajawahi kukanyaga Polokwane bei iliwaangukia. Nchi jirani zilifunga mpaka kwa nyama hizo, na nakumbuka Kenya nayo ilizuia. Lakini kilichowaudhi watu wa mtaani kwangu kuliko vyote ni kampuni kusema siku zile za mwanzo kwamba hakuna uhusiano wa moja kwa moja uliothibitishwa kati ya mali yao na vifo. Labda mwanasheria aliwashauri. Mama aliyezika mtoto hasikilizi mwanasheria. Desemba 2018 mahakama ikaruhusu kesi ya pamoja ya waathirika, na 2020 kampuni ikauza biashara yake ya nyama za kusindika. Poloni imerudi madukani, watu wanakula. Gogo yule hajala tena, na mimi simlazimishi.

---

Mama Lishe wa Njiro

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimesoma hapo kwa daktari wa nafaka (samahani kama si daktari) moyo ukanienda mbio.

Mimi natengeneza unga wa lishe Arusha. Mahindi, karanga, soya, ulezi. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, na wateja wangu ni akina mama wenye watoto wa miezi sita. Ninachambua kwa ungo, punje iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na mdudu naitoa, karanga iliyosinyaa naitoa. Wasichana wawili wananisaidia, gunia moja la karanga linatuchukua siku nzima. Lakini macho hayaoni yote.

Kila inapotokea habari ya unga, iwe Kenya iwe huku, simu yangu inaanza kulia. Zamani nilikuwa nawaambia, "Wangu ni salama, wala msiogope." Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Umejuaje, dada?" Nikakosa la kusema. Toka siku hiyo nikaanza kupeleka sampuli kupimwa kabla sijasaga, si kila mzigo maana gharama ni kubwa kwangu, ila kila nikibadilisha mahali ninaponunua. Majibu nawatumia wateja kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na lile moja lililokuja baya. Mzigo ule sikuusaga. Nilidhani nitapoteza wateja kwa kuwaonyesha majibu mabaya. Walioondoka ni wachache sana, na kuna waliokuja kwa sababu hiyo hiyo.

Hapa kwetu usimamizi wa chakula ulihama toka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, na sisi wadogo tulichelewa kujua twende dirisha lipi. Naomba wenye duka msituchukie tukisema subirini kidogo.

Mzee wa Likoni, swali langu: zile pakiti kumi na tisa, pamoja na ulizokusanya, ulizipeleka wapi?

---

Lori la Namanga

Mimi ni dereva, Arusha na Nairobi. Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021 niko na mzigo wa mahindi Namanga, ikaja barua ya mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya kwamba mahindi ya Tanzania na Uganda hayaingii, sumukuvu. Tukapanga mstari. Jua la pale mnalijua. Tarehe 10 wakafungua kwa masharti: mwingizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti kuonyesha uko chini ya kiwango cha 10.

Mpaka ulifunguka, lakini mnunuzi wangu hakufunguka. Nilimpigia akasema, "Kaka, hata ukija na cheti, mwezi huu nikisema ni ya Tanzania hakuna atakayegusa." Yaani mahindi ya nchi mbili nzima yalichafuka jina kwa barua moja, ya Rukwa na ya Manyara yote kapu moja, wakati hali ya hewa na uanikaji ni tofauti kabisa.

Mzigo wangu haukurudi shambani. Tajiri wangu aliamua ushushwe upande wetu, ukauzwa bei ya kutupa. Walikuja watu na pikipiki na mikokoteni, ukaisha siku mbili. Hakuna aliyepima. Kama ulikuwa mzuri, tajiri ameonewa. Kama ulikuwa mbaya, umeliwa na watu wetu wenyewe kwa sababu ulikuwa rahisi. Mpaka leo nikipita pale najiuliza ulikuwa upi.

---

Mkulima wa Kiteto

Nimewasoma wote. Niongeze upande wetu sisi tunaolima.

Mwaka 2016 huku Manyara na Dodoma watu walianza kuugua, macho yana manjano, tumbo linajaa, wengine wanatapika. Watu 68 waliugua na 20 wakafa. Mwanzoni tulikuwa tunanong'ona mambo ya kurogana. Wataalamu walipokuja wakapima, wakatuambia ni mahindi. Yetu. Ya ghala letu.

Nyie mnaongelea imani kwa kampuni. Sasa mahindi ya kwako mwenyewe, uliyoyapanda kwa mkono wako, unamrudishia nani? Hakuna rafu ya kuyatoa. Hakuna chapa nyingine ya kuhamia. Tuliambiwa tuyatupe, na kuna nyumba hazikuwa na kitu kingine cha kula mpaka msimu ujao. Jirani yangu aliyatenga, akakaa nayo wiki mbili akiyatazama, akaanza kuyachambua akala. Simlaumu.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni bwana shamba mmoja aliyekuja na kipima unyevu, akakichomeka kwenye gunia la kila mtu mbele yake. Yangu yalisoma asilimia 17. Aliniambia yafike 13 ndipo niyafunge. Nilikuwa nayauma kwa meno kama baba yangu, nikisikia yanalia kak najua yamekauka. Meno yangu yalikuwa yananidanganya miaka yote. Sasa naanika juu ya turubai, siyamwagi chini, na naweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Wanunuzi wawili wa Kibaigwa wanakuja moja kwa moja kwangu, wanajua.

---

Vita vya Soko

Kipimo, nimekuelewa kuhusu bambo na nakushukuru kwa kutonitukana. Bado nauliza: kwa nini chapa ikirudishwa hatuambiwi walichokosea na walichorekebisha? Mimi siwezi kumrudia mtu aliyenikosea asiyesema alinikosea nini.

---

Mwana wa Likoni

Ndugu Vita vya Soko, hapo tuko pamoja kabisa. Marufuku ilikuja kwa tarumbeta, kuondolewa kwake kukaja kwa mnong'ono. Mteja ananiuliza, "Umerudi?" Namwambia umerudi, wameruhusiwa. "Walikuwa na shida gani?" Sijui. "Wameitengeneza?" Sijui. Muuzaji anayejibu sijui mara mbili hawezi kuuza chakula. Nikawa nachukua namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora, naituma kwa ujumbe kwenda 20023, namba ya KEBS, jibu likija namwonyesha mteja skrini kwamba kibali ni hai. Iliwatuliza wengine. Lakini mwalimu mmoja alinitazama akasema, "Hiki ni kibali cha kampuni. Mimi nauliza pakiti hii." Sikuweza kumjibu, na nimeshaelewa leo kwa Kipimo ni kwa nini lile lilikuwa swali gumu.

Niseme pia kuhusu waliorudi mapema. Mtu akiona mstari wa mauzo umepanda tena Desemba atasema imani imerudi. Mimi niliwaona kwa sura. Walikuwa akina mama wa vibarua, wanaotoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi feri. Kununua mahindi sokoni, kuyachambua, kuyapeleka mashineni na kusubiri foleni ni nusu siku, na nusu siku hawana. Walinunua pakiti ya bei ya chini kabisa wakaitia mfukoni bila kuitazama. Ile tangazo la pili la Januari lilipotoka, la chapa 17, hawakuuliza hata majina. Ilinitia huzuni kuliko ile foleni ya Novemba, kwa sababu mwenye hofu bado anatafuta, na hawa walikuwa wameacha kutafuta.

Dada wa Njiro, umeuliza pakiti zilikwenda wapi. Mwenye duka la jumla aliyeniuzia alisema nizihifadhi, gari la kukusanya litapita. Nilizifunga kwa kamba chini ya kaunta, kumi na tisa pamoja na zile tisa nilizozipata majumbani, nyingine zimebaki nusu. Majuma saba halikupita gari. Panya wakaanza. Mwishowe nikazitoboa moja moja kwa kisu nikazimwaga kwenye shimo nyuma ya choo, nikachanganya na majivu na maji ya sabuni ili kuku wa jirani wasizifukue. Pesa zake sikurudishiwa. Risiti ninayo.

---

Wa Kayole

Mzee, samahani, nimepiga hesabu yako. Ziliuzwa ishirini na tisa, daftarini ishirini na tatu. Zile sita?

---

Mwana wa Likoni

Zile sita ziliuzwa taslimu. Mtu alikuja, akalipa, akaondoka, sikuandika jina. Wawili niliwakumbuka kwa sura nikawatafuta, mmoja nilimpata, alikuwa na pakiti moja na alishaimaliza. Tano zilizobaki sikujua zilikwenda nyumba gani. Tangu wiki ile, mteja nisiyemjua akinunua unga kwa taslimu namwomba namba ya simu. Wengi hunipa. Naiandika nyuma ya daftari lile lile, na tarehe iliyo kitakoni mwa pakiti.